Maswali ya mwanafunzi wa chuo Dar: nauli, msosi na jero zinazopotea

Kila mwaka vyuo vikifunguliwa simu yangu inageuka ofisi. Wadogo zangu wa Songea, Kahama na Lushoto wamepata chuo Dar, na namba yangu wanayo wote, kwa sababu mama huigawa kanisani kama kadi za mchango wa harusi. Wanachouliza ni kilekile. Basi nimekaa nikaandika mara moja. Ukiniuliza tena nakutumia hii.

Mimi niko mwaka wa tatu. Naishi Tabata Bima, chumba cha kupanga tunachangia wawili, chuo kiko mjini. Bei ninazotaja ni nilizolipa kwa mkono wangu muhula huu, kati ya Tabata, Buguruni na mjini. Ukiwa Mbezi au Mbagala zitapishana kidogo, lakini maumivu ni hayohayo.

Boom linatosha?

Boom, yaani pesa ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo, ni shilingi 10,000 kwa siku. Ilikuwa 8,500 mpaka ilipoongezwa mwaka wa masomo 2022/23. Sasa, haiji kila siku. Inakuja kwa mafungu, na fungu moja linahesabiwa siku 60, kwa hiyo aliyepewa kiwango kamili anapokea laki sita kwa mpigo. Laki sita ikiingia, chuo kizima kinanuka kuku. Watu ambao juzi walikuwa wanagawana andazi unawakuta wanabishana bei ya raba Kariakoo.

Nikuwekee hesabu yangu. Chumba ni elfu sitini kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele. Hiyo ni laki tatu na sitini, tukigawana ni laki na themanini kila mtu. Kwenye laki sita nimebaki na laki nne na ishirini kabla sijala kitu. Gawa kwa siku 60: elfu saba kwa siku. Nauli kwenda na kurudi 1,200. Chai 700, yaani chai ya rangi ya mia tatu na maandazi mawili. Chakula cha mchana 2,000. Jioni tunapika, mchango wangu 1,500. Bando 1,000. Jumla 6,400.

Inabaki mia sita, sawa na nauli ya kwenda tu. Humo ndimo zitoke fotokopi, sabuni, Luku ya umeme, maji ya kunywa, pedi, na mchango wa msiba wa mwanadarasa aliyefiwa na babu. Na muhula hauishi siku ya sitini eti kwa sababu boom limeisha.

Nasikia nauli ya mwanafunzi ni mia mbili. Kitambulisho cha chuo kinakubalika?

Mwaka wa kwanza nilijaribu. Konda alikipokea kitambulisho changu, akakisoma kwa makini, akakigeuza nyuma, akanirudishia. "Sista, hii kaingilie benki. Mwanafunzi ana soksi."

Gari zima likacheka, nami nikatoa hela kamili. Tangu hapo sijakutana na konda hata mmoja anayehesabu mtu wa chuo kuwa mwanafunzi. Mia mbili ni ya mwenye sare, tena hao wenye sare wana shida yao: gari likisimama, konda anaweka mkono mlangoni, "wawili tu, wawili tu," wengine wanabaki kituoni na mabegi yao mgongoni mpaka kengele inagongwa shuleni.

Nauli yenyewe inapangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa nchi kavu. Desemba 2023 njia isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka 500 kwenda 600. Utasema mia moja ni nini. Zamani jero, yaani mia tano, ilikuwa pesa iliyokamilika: unaiweka mfuko mdogo wa begi usiku, asubuhi una uhakika wa kufika chuo. Siku hizi jero peke yake haikufikishi popote, lazima uitafutie mia ya kuisindikiza.

Kwa nini watu wanapanda gari linaloelekea kusiko?

Hawajapotea. Wanakwenda kugeuza.

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi pale Bima, magari ya kutoka Segerea yanafika yameshajaa. Konda ananing'inia mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine hewani, na hata hapunguzi sauti kuita, anapita tu. Kwa hiyo wajanja wanavuka barabara, wanapanda gari tupu linalorudi Segerea, wanakaa dirishani, wanakwenda nalo mpaka mwisho wa kituo, likigeuka wao tayari wana siti. Linapopita tena Bima wanakuangalia wewe uliyesimama pale kama watu wa daraja la kwanza.

Makonda wameshaijua hiyo. "Wanaogeuza nauli mbili!" Maana yake unalipa 1,200 kwenda tu, kwa ajili ya kukaa. Mama wa ndoo za samaki anageuza, hana njia nyingine. Mjamzito anageuza. Mimi nageuza siku ya mtihani peke yake, kwa sababu hiyo mia sita ya ziada naijua inatoka wapi: inatoka kwenye sahani ya mchana. Nikigeuza asubuhi, mchana nakula mihogo. Ndiyo maana sikuwahi kuelewa watu wanaopanga bajeti ya chakula mbali na ya nauli, kwangu ni mfuko mmoja wenye matundu mawili.

Ukisimama, jifunze kusimama. Ndani ya kipanya, yaani daladala ndogo, shingo inapinda kama mtu anayesoma dua. Begi liwe kifuani, mkono mmoja juu, na usikae mlangoni hata ukiahidiwa upepo, utashushwa na kupandishwa kila kituo. Konda atasema "sogeeni nyuma, nyuma kuna nafasi." Hakuna. Sogea hivyohivyo, kwa sababu usiposogea atasukuma. Kipande kibaya ni kuingia Buguruni, pale kwenye taa, gari linaweza kukaa mpaka ukajua kwapa la jirani yako limepakwa nini na lini.

Jioni mambo yanageuka. Mnazi Mmoja gari halijasimama watu wameshalirukia, wengine wanaingilia dirishani, wanaume wazima wenye tai. Kuna mchezo wa kurusha begi ndani ili lishike siti. Usiucheze. Mimi niliucheza. Nilirusha begi, likatua siti ya nyuma ya dereva vizuri kabisa, halafu umati ukanizidi nguvu mlangoni, gari likaondoka na begi langu, mimi nimebaki nimeshikilia hewa. Ndani mlikuwa na daftari la semina, funguo na ile elfu nne ya wiki nzima. Nilikimbia nikilia, sioni aibu kusema. Nikamkuta mama mmoja wa makamo kituo cha Karume, ameshuka kwa ajili yangu, begi kalipakata. Akanipa, akanitukana kidogo kama mama yangu angefanya, kisha tukasimama wote wawili kusubiri gari lingine kwa dakika arobaini. Nauli yake ya pili nililipa mimi. Alikataa mara tatu.

Konda akininyima chenji nifanyeje?

Kwanza, usipande na noti ya elfu kumi asubuhi. Utaambiwa "subiri," utasubiri, utashuka ukiwa bado unasubiri. Tafuta hela ndogo usiku, nunua hata kiberiti.

Pili, kuna ile ya kuunganishwa. Wewe unadai mia nne, dada wa siti ya mbele anadai mia sita. Konda anawapa noti moja ya buku, yaani elfu moja: "Nyie wawili mtagawana." Sasa nyie hamjuani, yeye anashuka Ilala Boma, wewe Posta, na hakuna kati yenu mwenye sarafu. Nimewahi kushuka na mtu nisiyemjua tukatafuta muuza maji wa kutuvunjia buku, kumbe naye hana, tukaishia kununua maji ya mia tano, tukanywa kwa zamu tumesimama barabarani, tukagawana mia tano iliyobaki. Alinipa mia mbili akachukua mia tatu, kwa sababu deni lake lilikuwa kubwa. Ukipiga hesabu kila mtu alipoteza, ila maji yalikuwa ya baridi.

Dawa ninayoijua ni moja, kumkumbusha mapema na kwa sauti. "Konda, mia nne yangu, nashuka Karume!" Ukimnong'oneza hakusikii.

Si upande mwendokasi?

Mwendokasi ni mzuri kwa aliye kwenye njia yake. Mabasi yalianza Mei 2016 kwenye Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kwenda Kivukoni, Gerezani na Morocco, na njia yake ni yake peke yake, foleni inabaki pembeni inatazama. Rafiki yangu wa Kimara akibahatika kuingia basi mapema anafika kabla yangu, na anatoka mbali zaidi. Ila mimi wa Tabata ili niupate lazima nipande daladala kwanza. Nitakuwa nimelipa mara mbili ili niwahi kidogo.

Mvua kubwa ikinyesha usiulize. Jangwani, bonde la Msimbazi likijaa, barabara inafungwa, na mwendokasi, bajaji na gari la waziri wote wanakuwa sawa.

"Pasi ndefu" ni nini?

Ni mlo mmoja unaounganisha chai, mchana na wakati mwingine jioni. Kama mpira: kipa anaupiga kutoka golini moja kwa moja kwa mshambuliaji, katikati hapaguswi. Unavumilia mpaka saa tisa alasiri, unakula wali uliojaa sahani, siku imeisha.

Wapo wanaojisifia. Mimi nimepiga pasi ndefu wiki nne mfululizo, muhula wa pili mwaka wa kwanza boom lilipochelewa, na nakwambia haiokoi hela kama unavyodhani. Saa nne asubuhi mwili unatetemeka, unanunua soda. Saa saba kichwa kinauma, unanunua dawa. Saa tisa unakula sahani ya buku mbili na bado unatafuta chapati ya kusindikizia. Nilipojumlisha nikaona nimeokoa mia tano. Kipindi cha saa sita sikumbuki hata somo lilikuwa nini.

Kama ni lazima, anza siku na mihogo ya kuchemsha au uji. Uji wa mia tano asubuhi unafika mbali kuliko soda.

Mama ntilie mzuri nitamjuaje?

Angalia wanaokula. Ukiona bodaboda, mafundi wa gereji na mtu mmoja wa ofisini aliyekunja mikono ya shati, kaa. Watu wa kazi ngumu hawavumilii sahani ndogo, na mtu wa ofisini anaogopa tumbo.

Kisha angalia ndoo. Zipo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia. Maji ya kusuuzia yakishakuwa na rangi ya chai ya maziwa, endelea na safari. Msimu wa mvua kula kinachotoka motoni, kachumbari iache, hasa ukisikia kipindupindu kimetajwa kwenye redio.

Muda nao una maana yake. Saa sita na nusu maharage bado ni mazito. Saa nane unachopewa ni maji yaliyowahi kukutana na maharage. Lakini ukichelewa kabisa, saa tisa na kitu, anakwangua sufuria, na ukoko anakupa bure. Mimi ukoko naupenda kuliko wali, kwa hiyo siku ya pasi ndefu haikuwa hasara tupu.

Sasa adabu, maana wengi wanakosea. Usifike na "oya, wali maharage." Unasema "Shikamoo mama," unasubiri "marahaba mwanangu," ndipo unaagiza. Mama ninayekula kwake, banda lake lina turubai la bluu na benchi moja inayobembea, ana upawa wa aina mbili na si kwa bahati mbaya. Asiyesalimia anapimiwa kwa ule mdogo. Aliyesalimia, akauliza na hali ya mguu wake, anapata wali kwa upawa mkubwa, maharage, mchicha, halafu mama anazamisha kijiko kwenye sufuria ya nyama na kumwaga mchuzi mtupu juu. Hiyo tunaiita kunusishwa. Bei ni ileile buku mbili, ila wali umebadilika rangi na wewe umekula karibu na nyama.

Kama huna buku mbili, agiza nusu. Hakuna anayekucheka, mafundi wenyewe wanaagiza nusu mwisho wa wiki. Serikalini wanawaita mama lishe. Mtaani jina ni mama ntilie, kutokana na "nitilie," yaani nitilie chakula, na sijawahi kusikia mtu mwenye njaa akisema mama lishe.

Nikila chipsi mayai kila siku kuna ubaya?

Kwa tumbo muulize daktari. Kwa mfuko, upo.

Chipsi kavu mtaani kwetu ni 1,500, zege 3,000. Zege ndiyo chipsi mayai: chipsi zinarudishwa kwenye kikaango, mayai mawili yanapigwa ndani ya kikombe na chumvi, yanamwagwa juu, kikaango kinafunikwa kwa sahani, kinapinduliwa, na likishashikana unaelewa kwa nini limepewa jina la zege la mafundi ujenzi. Ukitoka kituoni saa tatu usiku unasikia mwiko wa bati unagonga kikaango kabla hujaliona kabati la kioo na taa yake. Kwa wakati huo huna akili ya kukataa. Nyumbani kuna unga, kuna dagaa, wenzako wameshalala au hawajafika, na ili ule inabidi uwashe jiko, uchemshe maji, usonge. Umesimama kwenye gari saa moja na nusu. Unatoa elfu tatu.

Kwa hiyo mimi zege silihesabu kwenye chakula, nalihesabu kwenye foleni. Wiki ambayo foleni ni nyepesi sili zege hata moja. Wiki ya mvua nakula manne, na hizo elfu kumi na mbili zilikuwa nauli ya siku kumi.

Ukiona huna jinsi, chukua kavu, yai chemsha mwenyewe nyumbani. Na mwambie kaka wa chipsi asizidishe tomato, inaficha chipsi za mchana.

Kupika chumbani kuna nafuu kweli?

Kuna nafuu mkiwa wawili au zaidi. Mtu mmoja anapika kwa hasara, nyanya zitaoza.

Jioni yetu ya kawaida ni ugali, dagaa na mchicha: unga nusu kilo 900, dagaa wa jero, mchicha mia tatu, fungu la nyanya 500, kitunguu mia mbili, mafuta ya kupima ya jero, kiberiti mia. Elfu tatu, watu wawili wameshiba, na kiporo cha asubuhi ukijibana. Gesi tunatumia ule mtungi mdogo wa kilo 6. Tunaujaza kwa mchango, na ukiisha huwa unaisha ugali umeanza kutokota.

Lakini angalia hiyo orodha. Karibu kila kitu ni cha kupima. Mangi, mwenye duka la mtaani, anachota mafuta kwenye dumu la lita ishirini kwa kikombe kilichokunjwa kwa bati, anakumiminia kwenye chupa ya soda uliyokuja nayo, na wewe macho yako yote yako kwenye mkono wake, umelala upande gani. Sukari kwake kilo ni 2,800. Robo ni 800. Nunua robo nne, umelipa 3,200, mia nne imepotea na sukari ni ileile. Sabuni ya unga vivyo hivyo, bando vivyo hivyo: ukinunua la siku siku thelathini umemlipia mwenye la mwezi na chenji juu. Sote tunaijua hesabu hii, tunasoma uhasibu wengine. Tunanunua robo kwa sababu kilichopo mfukoni ni mia nane, na ningekuwa na 2,800 leo, mia sita ndani yake ni ya konda wa kesho asubuhi.

Tulijaribu kuipiga chenga. Vyumba vitatu tulichanga, Jumamosi mmoja akaenda Soko la Tandale kununua mchele na maharage kwa bei ya huko, ambayo kweli iko chini. Akarudi na viroba viwili. Daladala la kwanza konda akataka nauli ya mzigo, la pili vilevile, kutoka Bima kuingia ndani akachukua bajaji. Tulichookoa kwenye mchele kikaliwa na njia karibu chote. Siku hizi tunakwenda mara moja kwa muhula, watu wawili, tunachukua mzigo mkubwa wa kutosha ili usafiri usitufilisi. Hapo nafuu inaonekana.

Mangi anakopesha?

Ukutani ameandika "Mkopo ni kesho." Chini ya kaunta ana daftari. Atakukopesha akishakujua miezi miwili na akiwa amemwona mwenzako wa chumba akilipa. Deni lisizidi elfu tano, na boom likitoka pita kwake kabla ya Kariakoo. Usipopita, atakupa chenji ya pipi mpaka umalize chuo.

Nalazimika kununua mfuko?

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo dukani mfuko mbadala unauziwa. Mia mbili kila safari ni andazi. Weka mmoja ndani ya begi la chuo, uishi humo. Maandazi utafungiwa karatasi hata hivyo, na mara nyingi ni karatasi la mtihani wa mtu. Nimewahi kula kitumbua juu ya swali la hesabu, mwenyewe kapata sita kwa ishirini.

Nyumbani wananitumia kwa simu, kila mara inapungua. Kwa nini?

Kwa sababu wanatuma bila ya kutolea. Mzazi akisema "nimekutumia elfu ishirini," wewe unatoa pungufu, maana makato ya wakala yanakatwa humohumo. Sema mapema na bila kona: "Baba, naomba uweke na ya kutolea." Haikasirishi mtu. Baba yangu sasa anaandika kwenye meseji, "na ya kutolea ipo," kama mtu anayefunga barua kwa muhuri.

Simu zinaibiwa wapi sana?

Dirishani, gari likiwa kwenye foleni, na mlangoni wakati wa kugombania. Usichati ukiwa umekaa dirishani na kioo kiko wazi, hata kama joto linakuua. Ukipandishwa na kundi la vijana wanaokusukuma lakini wenyewe hawapandi, shika mfuko.

Usiku mtoto wa kike anapandaje?

Kama saa tatu imepita, mimi sisubiri gari la siti. Napanda lenye akina mama wengi, nakaa au nasimama karibu nao, na nauli naishika mkononi kabla. Magari ya usiku yanapenda kukatisha njia, mnafika Buguruni mnaambiwa "mwisho hapa." Mkishushwa msitawanyike. Mdai konda arudishe sehemu ya nauli, mkiwa wengi anarudisha, ukiwa mmoja anawasha gari. Kutoka kituoni kwenda nyumbani tunachangia bajaji, watatu nyuma, jero kila mtu. Hiyo jero siionei huruma hata siku moja.

Nimebaki na jero, ni saa mbili usiku, boom halijasoma. Nile au niitunze kwa kesho?

Kula. Jero hata ukiitunza haifiki nauli, utalala na njaa na asubuhi utapungukiwa mia vilevile. Nenda kwa mama wa mihogo kabla hajazima moto, vipande viwili mia nne, mwombe aongeze pilipili na kachumbari, hizo ni bure. Mia inayobaki nunua karanga. Kisha kabla hujalala mwambie mwenzako wa chumba akuachie mia sita juu ya meza, umwambie usiku huuhuu, kwa sababu yeye kesho anakwenda kugeuza na saa kumi na moja atakuwa ameshatoka.